Diski Isiyofungwa

Mutheu alipanda ngazi zangu za Luthuli saa kumi na moja,
spika za duka la chini zikitetemesha vioo,
akatoa diski ndani ya bahasha ya bili ya maji
kama mtu anayeonyesha jino lililong'oka.

"Mafundi watatu wameikataa.
Wa kwanza alisema ni tupu.
Wa pili akaipaka dawa ya meno, akaisugua na fulana.
Wa tatu alinitajia bei ya diski mpya."

Niliigeuza chini ya taa.
Mikwaruzo, ndiyo, na kidole gumba cha mtoto,
lakini tazama, huu mduara uliofifia
ndipo mwanga ulipochoma, na huku nje hapajaguswa.
Diski tupu haina mpaka.
Humu mna mtu.

Kompyuta yangu ya kila siku iliimeza, ikakohoa,
ikauliza kwa adabu: niifute nianze upya?
Mutheu akanidaka mkono.

Sikuwa nakwenda kubonyeza.
Nilivuta ile mashine kuukuu yenye midomo miwili,
na kutoka kwenye droo nikatoa diski yangu mwenyewe,
imeandikwa kwa wino mzito: LINUX, USIAZIME MTU.
Hii naiita diski hai.
Haiombi chumba ndani ya mashine.
Huja na mkeka wake, ikautandika kwenye kumbukumbu,
ikafanya kilichoileta,
na ukizima stima hukunja mkeka ikaenda zake.
Laiti shemeji zangu wangekuwa hivyo.

Maandishi meupe yalishuka mbio kwenye weusi.
"Ndiyo inasoma?"
"Bado. Ndiyo inaamka."

Kisha nikaona ugonjwa, na haukuwa mikwaruzo.
"Aliyerekodi hakuifunga," nikamwambia.
"Ukimaliza kuandika diski sharti uifunge,
uiachie neno la kusema: mwisho ni hapa.
Bila neno hilo, mashine nyingi hazifungui hata ukurasa wa kwanza."

Akatazama dirishani kwa muda.
"Aliitwa Oduya," akasema.
"Tulimlipa nusu."

Basi sikuiomba ifunguke.
Niliiomba chembe moja, halafu nyingine,
na ilipogoma niliruka, nikaizunguka,
nikaanza kusoma kutoka mwisho kuja mwanzo
kama mtu anayepapasa sakafu akitafuta funguo.
Krr, ilisema. Krr. Kimya. Krr.
Chini walizima spika, wakashusha mabati ya milango.
Barasa, mlinzi, alipanda kutufukuza,
akaona uso wa Mutheu, akashuka bila neno.

Saa tatu na robo tulihesabu mavuno.
Sherehe yote ya mahari pale Jericho ilikuwa imekwenda:
wajomba wamekuwa miraba ya kijani,
hotuba zimekuwa mchanga.
Zilibaki dakika nne, na si za sebuleni.
Jikoni. Mvuke. Mwanamke amejifunga leso kifuani,
mwiko mkononi, ameielekea kamera:

"Wewe, huna kwenu?
Toa hilo jicho kwenye sufuria yangu.
Kaa hapo, ule kwanza.
Na pesa zako zilizobaki
Mutheu atakupa, nimeshamwambia."

Halafu miraba.

Mutheu aliomba niirudishe. Nikairudisha.
Mara ya tatu alicheka mahali pale pa sufuria,
na mkono wake ukabaki mdomoni.
"Aliniambia kweli," akasema. "Nilidhani nitampata wiki ile."

Nikamwekea zile dakika nne kwenye flashi,
nikataja bei, akalipa pasipo kubishana,
jambo ambalo halijawahi kutokea Luthuli.
Nikazima. Diski hai ikatoka ikiwa na joto,
haikumbuki jiko wala leso.

Nilikuwa natafuta kufuli
nilipomsikia huko chini, barabara imetulia,
akimuuliza Barasa
kama anamjua mpiga picha mmoja, Oduya,
alikuwa mwembamba,
alikuwa na kamera ya kubeba begani.